Akiba Isiyopata Mkopaji: Jinsi Benki Zinavyoathirika Mikopo Inapopungua na Hati Fungani Zinapoongezeka



Mwanachama anapofika dirishani na kuweka shilingi 100,000, yeye huhesabu kwamba ameongeza mali yake, na katibu huandika katika daftari kwamba chama kimepokea fedha. Yote mawili ni kweli. Lakini kwa chama chenyewe shilingi zile ni deni. Mwenyewe aweza kuja kuzidai, na mpaka siku hiyo itakapofika yapasa apewe riba. Zikilala katika sanduku la chuma, deni hukua na sanduku halizai kitu. Ndiyo maana uhai wa benki, na wa chama chochote cha akiba na mikopo, haumo katika wingi wa amana peke yake, bali katika kupatikana kwa mtu mwaminifu wa kuzikopa.

Sisi tumezoea kilio cha upande mmoja, kwamba wakopaji ni wengi na fedha ni haba. Katika nchi zetu kilio hicho ni cha haki. Kwa hiyo huenda ikaonekana ajabu kuzungumza habari za benki zenye fedha tele zisizo na wa kumkopesha. Hata hivyo hali hiyo imekwisha kuangusha benki kubwa, na imekwisha kuvitia hasara vyama vya ushirika vya wakulima ambavyo utajiri wake hauna mfano hapa Afrika ya Mashariki. Vyama hivyo ni vya Japani, na habari zake zastahili kusomwa polepole.

Mteja mkubwa anapoondoka

Kwanza tuitazame hesabu yenyewe. Tuchukue benki inayowalipa wenye amana riba ya asilimia 4 na kukopesha kwa asilimia 12. Katika kila shilingi 100 za amana hubaki shilingi 8, na humo ndimo mnamotoka mishahara, kodi ya nyumba, hasara ya wale wasiolipa na fungu la kukuza mtaji. Sasa ikiwa nusu tu ya amana imepata wakopaji, pato ni shilingi 6, na riba ya kuwalipa wenye amana ni zile zile shilingi 4. Kimebaki kiasi cha shilingi 2 badala ya 8. Wafanyakazi hawakupungua, jengo halikupungua, wala hakuna aliyeiba. Upungufu umetokana na kukosa mkopaji, basi.

Wakopaji hupungua kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni pale uchumi unapopoa: viwanda haviongezi mashine, wafanyabiashara hawaagizi mali mpya, na kila mwenye deni hutaka kwanza alimalize. Njia ya pili ni ya kimya zaidi, nayo ni ya hati fungani. Hati fungani ni hati ya deni. Serikali au kampuni huandika kwamba imepokea fedha kiasi fulani, kwamba itatoa riba fulani kila mwaka, na kwamba tarehe fulani itarudisha fedha yote. Mwenye hati aweza kuingoja tarehe hiyo, au kumwuzia mtu mwingine kabla yake. Kampuni yenye jina zuri ikiona kwamba watu binafsi, mashirika ya bima na mifuko ya pensheni wako tayari kununua hati zake moja kwa moja, haioni sababu ya kupitia benki na kuilipa benki faida ya katikati.

Hapo benki hupoteza wateja wake bora. Wanaobaki ni wadogo ambao haikuwahi kujifunza hali zao, pamoja na wale ambao wanunuzi wa hati wamekwisha kuwakataa. Jambo hili hufichika kwa miaka mingi, maana kila tawi lingali wazi na kila siku watu wanaweka akiba.

Katika miaka ya 1950 na 1960 uchumi wa Japani ulikua kwa kiasi cha asilimia 10 kila mwaka. Viwanda vilikuwa na kiu ya fedha isiyokatika, na taratibu za wakati huo zilifanya iwe vigumu kampuni kutoa hati fungani, kwa hiyo benki ndizo zilizokuwa kisima. Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973 mwendo huo ulikatika. Ukuaji ulishuka chini ya nusu, na kampuni kubwa zikaanza kulipa madeni badala ya kuyaongeza. Kisha katika miaka ya 1980 taratibu za hati fungani zililegezwa, na kampuni hizo zikauza hati zake nyumbani na katika masoko ya Ulaya. Kampuni ya Toyota ilikuwa na fedha nyingi mkononi hata watu wakaipachika jina la Benki ya Toyota.

Aliyeumia waziwazi ni benki moja iliyoanzishwa mwaka 1952 kwa kazi maalumu ya kuvikopesha viwanda kwa muda mrefu, ijulikanayo kwa Kiingereza kama Long-Term Credit Bank. Benki hiyo haikutegemea sana amana za watu wa kawaida. Yenyewe ilipata fedha kwa kuuza hati fungani zake. Wateja wake walipopata uwezo wa kufanya vile vile, ilibaki kama mchuuzi wa maji katika mtaa uliovutiwa mabomba. Ikageukia mikopo ya ardhi na majengo, na benki nyingine nyingi zikafuata njia hiyo. Wakati huo riba ya Benki Kuu ya Japani ilikuwa asilimia 2.5, ardhi ilikuwa ikipanda bei kila mwaka, na afisa wa mikopo hakuona haja ya kumchunguza mkopaji maadamu kiwanja kipo.

Riba ile ilipandishwa kuanzia mwaka 1989 hata ikafika asilimia 6 mwaka 1990. Bei za hisa zikaanguka, na za ardhi zikafuata. Benki ile ya mikopo ya muda mrefu ilitwaliwa na serikali mwezi Oktoba 1998.

Si kwamba wakuu wa benki walikuwa wajinga. Walikuwa na amana na hati za kulipia riba, na deni halingoji mtu afikiri.

Fedha za wakulima

Vyama vya kilimo vya Japani viliingia katika mkasa huo kwa mlango wa nyuma. Kulikuwa na kampuni saba za kukopesha fedha za nyumba, zilizoanzishwa na benki na mashirika ya fedha katika miaka ya 1970. Benki zilipopoteza wateja wa viwandani zenyewe ziliingia katika biashara ya mikopo ya nyumba, zikawanyang'anya watoto wao chakula. Kampuni zile zikakimbilia kuwakopesha wafanyabiashara wa viwanja. Mwaka 1990 serikali ilizibana benki zisiongeze mikopo ya ardhi, lakini taasisi za fedha za wakulima hazikubanwa sawasawa na benki, nazo zilikuwa na amana tele. Mikopo yao kwa kampuni zile saba ilifika kiasi cha yeni trilioni 5.5. Mambo yalipofungwa mwaka 1996, hasara ilihesabiwa kuwa yeni trilioni 6.4. Ushirika ulichangia yeni bilioni 530, na Hazina ya serikali ikatoa yeni bilioni 685 katika ghadhabu kubwa ya walipa kodi.

Mtu aweza kuuliza ni kwa nini fedha za wakulima zikopeshwe wauza viwanja mjini, na si wakulima. Jibu liko katika muundo wa vyama hivyo. Kule chini wako wanachama katika vyama vya msingi. Juu yao ziko taasisi za mikoa, na kileleni iko benki kuu ya ushirika iitwayo Norinchukin, iliyoanzishwa mwaka 1923. Fedha ambazo chama cha msingi hakikuweza kuzikopesha hupelekwa mkoani, na zile zinazozidi mkoani hupanda mpaka kileleni. Amana zote za wanachama hao huzidi yeni trilioni 100. Lakini nyingi hazitokani na jembe. Zimetokana na mishahara ya kazi za mjini, na pensheni, na bei ya mashamba yaliyouzwa miji ilipopanuka. Tangu mwaka 2009 wanachama washiriki, yaani wale wasio wakulima, wamekuwa wengi kuliko wakulima wenyewe. Mkulima aliyebaki ni mzee, shamba lake ni dogo, na mara nyingi hana mrithi wa kuliendeleza. Mtu kama huyo huja dirishani kuweka, haji kukopa.

Hapa Norinchukin ilijikuta na rasilimali zinazokaribia yeni trilioni 100 na kazi ndogo sana ya kilimo ya kuzipa. Ikawa mnunuzi wa hati fungani. Kwa miaka mingi hati za serikali ya Japani zilitosha, ingawa riba yake ilizidi kufifia. Benki Kuu ya nchi hiyo ilishusha riba karibu na sifuri mwaka 1999, na kuanzia mwaka 2016 hadi Machi 2024 ikaiweka chini ya sifuri, hata benki zikatozwa kwa sehemu ya fedha zilizoweka huko. Mwenye kununua hati ya miaka kumi alipata karibu na bure. Kwa hiyo Norinchukin ilivuka bahari na kununua hati za Marekani na za Ulaya.

Yafaa makatibu wetu waelewe pia shinikizo lililotoka chini, maana wengine watajiona humo kama katika kioo. Chama cha msingi cha Japani hununua mazao, huuza pembejeo na huwaajiri washauri wa kilimo. Kazi hizo mara nyingi haziachi faida, na nyingine huendeshwa kwa hasara. Pengo hilo huzibwa kwa faida ya idara ya akiba na ya bima. Kwa hiyo vyama vilizoea kupata kutoka kileleni malipo yaliyo juu ya riba ya soko, na hakuna aliyependa malipo hayo yapungue. Benki iliyotakiwa kutoa riba nzuri katika nchi isiyo na riba ilikuwa na njia moja tu, yaani kuitafuta mbali na kukubali hatari yake.

Mara ya kwanza njia hiyo iliuma wakati wa msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, na mwezi Machi 2009 Norinchukin iliomba mtaji mpya wa kiasi cha yeni trilioni 1.9 kutoka kwa wanachama wake. Walitoa. Mara ya pili inahitaji kwanza tujue jinsi bei ya hati fungani inavyoshuka.

Riba ikipanda, bei hushuka

Hili ndilo jambo ambalo wanachama wengi hulikataa wanapolisikia, maana wameambiwa kwamba hati ya serikali haina hasara. Tuseme chama kimenunua hati ya shilingi 100,000 yenye riba ya asilimia 10 na muda wa miaka kumi. Kila mwaka kitapata shilingi 10,000. Kesho yake riba sokoni inapanda na serikali inatoa hati mpya za asilimia 15. Nani atainunua hati yetu ya zamani kwa shilingi 100,000, wakati kwa fedha hiyo hiyo aweza kupata shilingi 15,000 kwa mwaka? Ataikubali tu kwa bei ambayo mapato yake yote yatalingana na yale ya hati mpya. Ukiipiga hesabu hiyo utapata shilingi 75,000 hivi. Robo ya thamani imeondoka, na serikali haijakosa kulipa hata senti moja.

Ingekuwa hati ya mwaka mmoja, bei ingeshuka mpaka shilingi 95,600 na kitu, nayo hasara hiyo ingefutika ndani ya miezi kumi na miwili. Hatari basi haimo katika jina la aliyeandika hati peke yake. Imo pia katika urefu wa muda.

Wasemao kwamba dawa ni kungoja tarehe ya hati itimie wana haki, lakini kwa sharti moja: wenye amana nao wawe tayari kungoja. Huko Marekani, Silicon Valley Bank ilipokea amana nyingi mno katika miaka ya 2020 na 2021 kutoka kwa kampuni changa, ambazo zilikuwa zimejaa fedha za wawekezaji na hazikuhitaji mikopo mingi. Benki ilinunua hati za muda mrefu. Benki Kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba mwezi Machi 2022, na mwezi Julai 2023 ikafika kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Kabla ya kufika huko kampuni zile zilikwisha kuanza kutoa fedha zake, na benki ikauza hati za dola bilioni 21 kwa hasara ya dola bilioni 1.8. Habari zikaenea. Tarehe 9 Machi 2023 wenye amana walitaka kutoa dola bilioni 42 katika siku moja, na kesho yake benki ikafungwa.

Norinchukin haikukimbiwa na wakulima, kwa kuwa wao ni watu wa kukaa. Tatizo lake lilikuwa lingine. Hati zile za kigeni ilikuwa imezinunua kwa kukopa dola kwa muda mfupi, na kuukopa upya mkopo huo kila ulipokwisha. Riba ya dola ilipopanda, gharama ya kukopa ilizidi pato la hati. Mwenye hati ya asilimia 2 anayekopa kwa asilimia 5 ili aishike hapati faida ya kungoja, kila siku ya kungoja ni hasara nyingine. Mwezi Mei 2024 benki ilitangaza nia ya kupata mtaji wa kiasi cha yeni trilioni 1.2 kutoka kwa vyama vyake. Mwezi uliofuata ilieleza kwamba ingeuza hati za kigeni za kiasi cha yeni trilioni 10. Mwaka wa hesabu uliofungwa Machi 2025 ulikwisha kwa hasara ya yeni trilioni 1.8, na mkuu wa benki, Kazuto Oku, akaachia madaraka. Hakuna mwanachama aliyekosa amana yake. Lakini mtaji ule ulitoka katika vyama vya wakulima kwa mara ya pili katika miaka 15, ukaenda kuziba pengo lililotokana na riba ya Marekani.

Kamati iliyoundwa na wizara ya kilimo ya Japani kuchunguza jambo hilo ilishauri watu wa nje wenye ujuzi wa masoko ya fedha waingizwe katika uongozi wa benki. Kwa maoni yetu ushauri huo ni mwema, ila umefika jioni.

Kwetu hali ikoje

Haifai kuyachukua mambo ya Japani mazima mazima na kuyavisha nchi zetu. Kwetu mahitaji ya mikopo hayakuisha. Mkulima wa kahawa anahitaji fedha ya mbolea na ya wachumaji, na aliyekataliwa benki huenda kwa mlanguzi na kuweka rehani mazao yangali mtini. Lakini benki aweza kukosa mkopaji anayemtaka ilhali mlango wake umejaa wakopaji. Kenya iliona jambo hilo. Sheria ya mwaka 2016 iliweka kikomo kwamba riba ya mkopo isizidi asilimia 4 juu ya riba ya Benki Kuu. Lengo lilikuwa kumsaidia mkopaji mdogo. Benki zilipiga hesabu kwamba kwa riba hiyo hailipi kuhangaika na mwenye duka au mkulima, zikaongeza ununuzi wa hati za serikali. Ukuaji wa mikopo kwa sekta ya watu binafsi ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 3 mwaka 2017 ulipokuwa ukimalizika. Kikomo hicho kiliondolewa Novemba 2019.

Kwa benki, hati ya serikali ni kazi nyepesi. Haina haja ya kutembelea shamba, wala kumjua mdhamini, wala kufuatilia deni baada ya mavuno. Ndiyo hatari yake nyingine, isiyoonekana katika mizania. Kamati ya mikopo ambayo haijakaa kwa misimu mitatu husahau kazi yake. Hujui tena nani hulipa na nani hukimbia, na siku mikopo itakapohitajika hakuna wa kuipima.

Hatusemi vyama visinunue dhamana za serikali. Kati ya malipo ya mazao na msimu wa kununua pembejeo fedha hukaa miezi kadhaa bila kazi, na kwa fedha hiyo dhamana za siku 91 au 182 zafaa sana, kwa kuwa tarehe yake hutimia wakati wanachama wanapozihitaji. Jambo la kuogopa ni kuchukua fedha ya malipo ya pili, ambayo wanachama wataidai mwezi wa sita, na kuinunulia hati ya miaka 20 au 25 kwa sababu riba yake inapendeza kuiandika katika taarifa.

Kwa hiyo tunawaomba makatibu waandae jedwali moja kabla ya kufunga hesabu za mwaka. Upande wa kushoto waandike kila dhamana na hati fungani ya chama, pamoja na ya chama kikuu au benki ya ushirika ambamo tumeweka akiba, na tarehe ya kila moja kutimia. Upande wa kulia waandike amana na miezi ambayo kwa kawaida hutolewa. Chini yake iandikwe bei ambayo hati hizo zingeuzwa leo, si ile zilizonunuliwa, na idadi ya maombi ya mikopo yaliyopokelewa, yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa, pamoja na sababu. Jedwali hilo lisomwe katika Mkutano Mkuu mara baada ya taarifa ya mwenyekiti, wakati wanachama wangali ukumbini.